Kutoa na kupandisha matoleo ya maktaba huria kwenye Linux ya mezani bila kumharibia mtu kazi

Simu iliita saa nne kasoro robo asubuhi, nikiwa nimesimama ndani ya daladala la Mwenge. Alikuwa mama mwenye bekari Buguruni, mteja wangu wa mwanzo kabisa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii mashine yako inaniandikia saa arobaini. Saa arobaini ndiyo saa ngapi?"

Kwake hilo si jambo dogo. Wachuuzi huchukua mikate na skonzi kwa mali kauli kuanzia alfajiri, na saa iliyoandikwa kwenye risiti ndiyo inayomwonyesha jioni nani alichukua mzigo wa kwanza na nani wa pili. Siku ile hesabu zake zilivurugika, na kosa lilikuwa langu. Usiku wake nilikuwa nimetoa toleo jipya la maktaba ndogo ya chanzo huria ninayoitunza, yaani msimbo ulioandikwa ili programu nyingine ziutumie. Kompyuta yake ikalipokea yenyewe kabla hakujakucha, na programu ya risiti iliyofanya kazi vizuri mwaka mzima ikaanza kusoma vitu visivyo.

Ninachoandika hapa nimekipanga kwa hatua, kwa pande mbili za kazi moja: kutoa toleo la maktaba, na kupandisha toleo kwenye kompyuta za watu. Mifano yangu ni ya Debian na Ubuntu, aina mbili za Linux, kwa sababu ndizo ninazokutana nazo kila siku hapa Dar es Salaam. Maktaba ya mfano tuiite libsaa. Imeandikwa kwa C, na kazi yake ni kupokea saa ya kompyuta na kurudisha saa ya Kiswahili: 09:40 inakuwa saa 3 na dakika 40 asubuhi.

Hatua ya 1: Lijue jina ambalo programu inalitafuta

Programu inayotumia maktaba ya pamoja haiibebi maktaba hiyo tumboni. Inabeba jina tu, na kila inapowashwa mfumo unalitafuta faili lenye jina hilo. Jina hilo huitwa soname, na unaliweka wewe mwenyewe wakati wa kujenga maktaba:

```
gcc -g -fPIC -shared -Wl,-soname,libsaa.so.1 -o libsaa.so.1.2.0 saa.c
```

Hapo kuna majina matatu yanayochanganya wengi. `libsaa.so.1.2.0` ni faili lenyewe. `libsaa.so.1` ni soname, kiungo kinachoelekeza kwenye faili hilo, na ndicho kinachotafutwa na programu zilizokwisha kukompailiwa, yaani kugeuzwa kutoka msimbo kuwa faili la kuendeshwa na kompyuta. `libsaa.so` bila namba ni kiungo cha waandishi wa programu tu, kinatumika wakati wa kukompaili. Ukitaka kuhakikisha:

```
readelf -d libsaa.so.1.2.0 | grep SONAME
objdump -p risiti | grep NEEDED
```

Amri ya kwanza inaonyesha maktaba inajiitaje, ya pili inaonyesha programu inamtafuta nani. Ukitumia zana za ujenzi kama Meson au CMake usiiandike amri ya gcc kwa mkono. Zote mbili zina mahali pa kutaja toleo na mahali pa kutaja soname. Vitaje vyote viwili, usiache kimoja.

Namba ya soname si lazima ifanane na namba ya toleo. Zlib imetoa matoleo mengi kwa miaka mingi na mpaka leo soname yake ni `libz.so.1`. Namba ile ina maana moja tu: kila programu iliyokompailiwa nikiwa 1 itaendelea kufanya kazi maadamu naitwa 1.

Hatua ya 2: Fahamu kinachovunja ahadi hiyo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo saa arobaini ilipotokea.

Kwenye toleo la 1.2.0 jibu la libsaa lilikuwa na umbo hili:

```
struct saa_jibu {
    int  saa;
    char kipindi[12];
};
```

Baiti 4 za mwanzo ni namba ya saa, na 12 zinazofuata ni neno la kipindi: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku. Jumla baiti 16. Programu ya risiti ilipokompailiwa, vipimo hivi viligandishwa ndani yake. Jina `saa` halikubaki mle. Kilichobaki ni maagizo makavu: tenga baiti 16, soma namba iliyo mwanzoni kabisa, kisha soma herufi kuanzia baiti ya 4.

Mimi nikataka kuongeza dakika. Nikaiweka juu, nikaona imekaa vizuri:

```
struct saa_jibu {
    int  dakika;
    int  saa;
    char kipindi[12];
};
```

Nikaandika 1.3.0, soname nikaiacha ilivyokuwa, nikalala. Asubuhi ile, saa 3 na dakika 40, maktaba mpya iliweka 40 mwanzoni mwa umbo. Programu ya zamani ikaisoma 40 ikidhani ndiyo saa. Ilipokwenda kutafuta neno la kipindi kwenye baiti ya 4 ikakuta namba 3, ambayo si herufi ya kuchapika, ikifuatiwa na sifuri, na kwa C sifuri ndiyo mwisho wa neno. Risiti ikatoka imeandikwa "saa 40" na mbele yake pakavu.

Na hilo la kuonekana lilikuwa afadhali. Programu ilitenga baiti 16, maktaba ikawa inaandika kwenye umbo la baiti 20. Neno "asubuhi" lina herufi 7, pamoja na sifuri ya mwisho ni baiti 8. Kuanzia baiti ya 8 linaishia hasa kwenye ukingo wa zile 16. Neno "alfajiri" lina herufi 8. Kwa hiyo kila risiti iliyotoka alfajiri, kabla sijapigiwa simu, ilimwaga baiti moja nje ya mipaka, juu ya kumbukumbu ya kitu kingine, kimya kimya. Hakuna aliyeonywa. Kompaila haikuweza kulalamika kwa sababu hakuna aliyekompaili kitu upande ule.

Tofauti ya kushika ni hii: API ni makubaliano kati ya msimbo na msimbo, ABI ni makubaliano kati ya mafaili mawili yaliyokwisha kukompailiwa. Unaweza kuwa hujagusa API hata kidogo, kila msimbo ukakompaili bila onyo, na ABI ukawa umeipasua. Vinavyoipasua ni kubadili mpangilio au ukubwa wa umbo lililo wazi kwenye heda (faili la matangazo ambalo waandishi wa programu hulisoma), kuondoa fanksheni, kubadili idadi au aina ya vigezo vyake, na kubadili namba za orodha zilizokwisha tangazwa. Kuongeza fanksheni mpya hakuipasui. Kurekebisha kosa ndani ya fanksheni pia hakuipasui, mradi tabia inayotegemewa na watu haibadiliki.

Hilo la tabia hakuna zana inayoweza kulikamata. Mtu mmoja alinitumia kiraka kinachobadili saa 04:00 kutoka "saa 10 usiku" kwenda "saa 10 alfajiri". Kwa mazungumzo ya watu wengi yuko sahihi kabisa, na mimi mwenyewe nasema hivyo. Lakini kuna programu inayopanga zamu za walinzi kwa kutazama neno "usiku". Nilikubali kiraka, nikakiweka kwenye fanksheni mpya yenye jina jipya, ile ya zamani ikabaki inavyosema siku zote.

Dawa ya kudumu ya ugonjwa wa umbo ni kutoliweka wazi. Kwenye heda tangaza tu kwamba `struct saa_jibu` lipo, bila kuonyesha kilichomo. Maktaba yenyewe ndiyo itenge kumbukumbu, na anayetaka dakika aombe kwa fanksheni: `saa_dakika(jibu)`. Hapo unaweza kupanga upya vilivyomo ndani kila wiki na hakuna programu itakayojua. Laiti ningeanza hivyo toleo la kwanza.

Hatua ya 3: Chagua namba

Umerekebisha kosa tu: 1.2.0 inakuwa 1.2.1. Umeongeza kitu kipya na vya zamani vyote vipo vilevile: 1.3.0. Umevunja kitu: 2.0.0, na soname inakuwa `libsaa.so.2`. Usione haya kupanda kwenda 2. Kinachowaumiza watu ni namba iliyokaa palepale wakati vitu vimebadilika.

Ukipanda soname, fanya matoleo mawili yaweze kukaa pamoja kwenye kompyuta moja. Kifurushi cha zamani ni `libsaa1`, kipya kiwe `libsaa2`, na heda za kipya zikae kwenye folda yake, mfano `/usr/include/saa-2/`. GTK, maktaba ya kuchora madirisha na vitufe, wamefanya hivyo: GTK 3 ilitoka 2011 na GTK 4 ilitoka Desemba 2020, na kompyuta yako ya mezani leo huenda inazo zote mbili bila kugombana. Mwenye programu ya zamani hakulazimishwa kuhama usiku mmoja.

Hatua ya 4: Ijaribu kwa programu ya zamani, na usiikompaili upya

Hili ndilo jaribio ambalo sikulifanya. Majaribio yangu yote yalipita, kwa sababu kila jaribio lilikompailiwa upya pamoja na maktaba mpya, na kwa hiyo lilijua umbo jipya. Kompyuta ya Buguruni haikuwa na bahati hiyo.

Tunza folda yenye programu chache zilizokompailiwa na kila toleo la nyuma. Usiziguse. Kabla ya kutoa toleo, ziendeshe kwa maktaba mpya:

```
LD_LIBRARY_PATH=./mpya ./zamani/risiti-1.2.0
```

Soma kinachotoka kwa macho yako, usiridhike kwamba haikuanguka. Programu yangu haikuanguka.

Kisha tumia `abidiff`, iliyomo kwenye kifurushi cha `abigail-tools`. Inalinganisha maktaba mbili na kukuambia ni umbo gani limehama na fanksheni gani imetoweka:

```
abidiff zamani/libsaa.so.1.2.0 mpya/libsaa.so.1.3.0
```

Maktaba zote mbili ziwe zimejengwa na `-g`, la sivyo haitaona maumbo ya data na itakupa utulivu wa uongo. Nilipoiendesha baadaye juu ya matoleo yale mawili, iliniambia mara moja kwamba umbo limekua kwa biti 32 na `saa` imehama mahali pake. Ilikuwa kazi ya sekunde chache. Sasa nimeiweka ndani ya hatua za ujenzi, ikikataa hakuna toleo.

Hatua ya 5: Funga kutoka kwenye alama, tia sahihi

Machi 2024 wengi wetu tulijifunza jambo kuhusu mafaili ya kupakua. Matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana mafaili, ambayo maktaba yake ya liblzma imo karibu kila Linux, yalikuwa na mlango wa siri. Aliyeuweka alikuwa amejijengea imani kwenye mradi kwa miaka. Sehemu ya kuuamsha mlango huo haikuwamo kwenye hazina ya git, programu inayotunza historia ya msimbo. Ilikuwamo tu kwenye faili lililofungwa kwa ajili ya kupakuliwa. Andres Freund, mhandisi wa hifadhidata ya PostgreSQL, ndiye aliyeugundua, baada ya kuona kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde, na akautangaza tarehe 29 Machi. Nusu sekunde. Mtu mwingine angelaumu mtandao akaendelea na shughuli zake.

Kwa hiyo faili unalotoa litoke moja kwa moja kwenye alama ya git (tag, jina linalobandikwa kwenye toleo moja la msimbo), ili mtu yeyote aweze kulinganisha:

```
git tag -s v1.3.1 -m "libsaa 1.3.1"
git archive --prefix=libsaa-1.3.1/ -o libsaa-1.3.1.tar.gz v1.3.1
gpg --armor --detach-sign libsaa-1.3.1.tar.gz
```

Ufunguo wa sahihi usikae kwenye kompyuta inayotumiwa na kila mtu ofisini, na nakala yake iwe kwenye flashi iliyofungiwa mahali. Na ukishatoa faili, limetoka. Ukiona kosa dakika tano baadaye usilibadilishe kimyakimya kwa jina lilelile, toa 1.3.2. Namba ni bure.

Hatua ya 6: Andika taarifa ya toleo kwa mtu wa upande wa pili

Orodha ya mabadiliko inayonakiliwa kutoka git haimsaidii mtu. Anayesoma anataka kujua mambo matatu: je, kuna kiraka cha usalama, je, nitalazimika kukompaili upya, na nini kitabadilika machoni pa mtumiaji wangu. Yaandike juu kabisa, kwa sentensi kamili.

Mimi huandika kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kiingereza chini yake. Kiswahili kinaweza kubeba kazi hii. Mwaka 2004 mradi wa KiLinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima ya kompyuta kwa Kiswahili, na walilazimika kutafuta neno kwa kila kitufe. Sisi kuandika aya tatu za taarifa ya toleo hatuna sababu ya kushindwa.

Sasa uko upande wa pili: unapandisha

Chukua ofisi yenye kompyuta sita za mezani, mfano duka la steshenari na uchapaji Sinza. Kila moja ina Ubuntu. Wewe ndiye unayeitwa.

*Siku.* Usipandishe Jumatatu, wala mwisho wa mwezi, wala wiki ya mitihani watu wanapopanga foleni kuchapa. Jumamosi jioni, duka likishafungwa, ndiyo saa yangu. Angalia yuniti za LUKU kabla ya kuanza, na kompyuta ya mezani isiyo na UPS iazimie UPS, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kuweka vifurushi unaacha nusu ya maktaba mpya na nusu ya zamani. Ikikutokea usiogope. Umeme ukirudi:

```
sudo dpkg --configure -a
sudo apt-get -f install
```

Mara nyingi hizo mbili zinamaliza tatizo; dpkg na apt ndizo programu za Debian na Ubuntu za kuweka vifurushi. Endesha kwa mpangilio huo.

*Bando.* Kupakua na kuweka ni kazi mbili tofauti, zitenganishe. Usiku wa kuamkia siku ya kupandisha, bando likiwa nafuu, pakua tu bila kuweka chochote:

```
sudo apt-get update
sudo apt-get -d upgrade
```

Vifurushi vinakaa `/var/cache/apt/archives`. Kwa kompyuta sita usipakue mara sita. Weka `apt-cacher-ng` kwenye kompyuta moja, kisha kwenye kila moja ya zote sita, hata hiyo yenyewe, andika faili `/etc/apt/apt.conf.d/01proxy` lenye mstari huu, ukibadili anwani iwe ya kompyuta yako:

```
Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";
```

Kompyuta ya kwanza italipia bando, tano zinazofuata zitachukua humo ndani. Hazina ziwe za `http`, kwa sababu za `https` hazihifadhiwi humo. Usalama haupungui kwa hilo: apt inakagua sahihi ya hazina na alama ya hesabu (hash) ya kila kifurushi kabla ya kukiweka.

Akiba hiyo ina faida nyingine. Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na Tanzania ilikuwa kati ya nchi zilizoumia zaidi. Siku kama hizo mwenye vifurushi ndani ya ofisi anaendelea na kazi.

*Soma kabla ya kukubali.* Fanya jaribio la kuigiza:

```
apt-get -s dist-upgrade | grep ^Remv
```

Mistari inayotoka ni vifurushi vitakavyoondolewa. Nimeona watu wakibonyeza Y bila kusoma na kubaki bila mazingira ya mezani, skrini nyeusi, mteja amesimama nyuma yao. Kama mstari mmoja unataja kitu unachokijua kinatumika, simama hapo na utafute sababu. Kwa maktaba yenye uzito, mfano ya SSL inayolinda mawasiliano ya mtandao, soma pia `apt changelog` ya kifurushi hicho.

*Programu zisizotoka kwenye apt.* Apt inalinda programu zake. Programu ya risiti uliyoikompaili wewe, au iliyonunuliwa ikawekwa `/opt`, haijui habari zake. Zitafute mwenyewe:

```
for f in /usr/local/bin/* /opt/*/bin/*; do
  objdump -p "$f" 2>/dev/null | grep -q 'libsaa.so.1' && echo "$f"
done
```

Zinazotokea hapo ndizo za kujaribu kwa mkono baada ya kupandisha. Andika majina yake kwenye daftari.

*Nakala ya kurudi nyuma.* Timeshift inatosha kwa kompyuta za mezani; inahifadhi mfumo, si mafaili ya mteja, hayo yanakiliwe kwenye diski ya nje. Na kama ni maktaba moja tu ndiyo iliyoleta shida, unaweza kuirudisha peke yake na kuizuia isipande tena mpaka utakapokuwa tayari:

```
sudo apt install libsaa1=1.2.0-1
sudo apt-mark hold libsaa1
```

Hivyo ndivyo nilivyofanya Buguruni siku ile, nikiwa nimekaa kwenye gunia la unga. Risiti ikarudi kuandika "saa 5 asubuhi" na mama akaniletea chai na skonzi mbili. Weka alama kwenye kalenda ya kuondoa zuio hilo. Maktaba iliyozuiliwa haipati viraka vya usalama, na kila mtu husahau.

*Kompyuta moja kwanza.* Chagua ile isiyo na shughuli nyingi, ipandishe, iache siku mbili mikononi mwa mtu wa kila siku. Mwambie akuambie chochote kilicho tofauti, hata kama anaona ni kidogo. Mtu anayechapa vyeti kutwa nzima ataona herufi iliyohama kabla yako.

*Kisha washa upya.* Kupandisha maktaba kunabadili faili kwenye diski, lakini programu iliyokuwa imewashwa bado inashikilia ile ya zamani kwenye kumbukumbu. Aprili 2014, wakati wa kasoro ya Heartbleed kwenye OpenSSL, kuweka toleo la 1.0.1g peke yake hakukutosha. Kila huduma iliyokuwa ikiendeshwa ilipaswa kuwashwa upya. Kuona nani bado ameshikilia ya zamani:

```
sudo lsof -n | grep -E 'DEL.*\.so'
```

Au endesha `needrestart`. Kwa kompyuta ya mezani mimi huiwasha upya yote, ni dakika mbili.

Mitego miwili ya kupanda toleo la mfumo mzima

Kuhama kutoka Ubuntu 20.04 kwenda 22.04 kuliwaacha wengi na ujumbe huu:

```
error while loading shared libraries: libssl.so.1.1: cannot open shared object file
```

Sababu ni OpenSSL 3, iliyotoka Septemba 2021, yenye soname `libssl.so.3`. Waandishi wa OpenSSL walifanya sahihi: walivunja, wakabadili soname, na programu ya zamani ikakataa kuwaka badala ya kuwaka ikaharibu. Njia ya mkato inayopokezanwa ni kutengeneza kiungo chenye jina la zamani kinachoelekeza kwenye faili jipya. Usifanye hivyo. Ni kuitengeneza saa arobaini kwa mikono yako mwenyewe. Kwa OpenSSL utabahatika, itakataa kwa sababu inakagua matoleo ya alama zake za ndani (majina ya fanksheni zake). Maktaba nyingine hazikagui, zitawaka. Kompaili programu upya, au mwombe aliyekuuzia akupe toleo jipya.

Mtego wa pili ni majina yanayoishia na `t64`, kama `libssl3t64`. Utayakuta kwenye Ubuntu 24.04 na Debian 13. Kompyuta za biti 32 zilikuwa zinahesabu muda kwa namba inayojaa tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa za Dar es Salaam. Ili kupanua namba hiyo ilibidi kuvunja ABI ya maktaba nyingi kwa pamoja, na kwa kuwa soname zake zilibaki zilezile, majina ya vifurushi ndiyo yaliyobadilishwa. Kama una kifurushi chako cha `.deb` kinachodai moja ya maktaba hizo kwa jina la zamani na kinagoma kuwekwa, angalia kwanza hapo, kisha kijenge upya kwenye mfumo mpya.

Hatua ya mwisho: Kuondoa ya zamani

Usiharakie. Kabla ya `apt autoremove` uliza nani bado anaihitaji:

```
apt-cache rdepends --installed libsaa1
```

Kisha rudia ule mzunguko wa `objdump` kwa programu za `/opt` na `/usr/local`, maana apt haizioni na itakuambia hakuna anayeihitaji. Pande zote mbili zikiwa tupu, iondoe. Pakiwa na jina hata moja, iache ikae.

Kompyuta ya Buguruni leo ina `libsaa1` na `libsaa2` zote mbili. Programu ya risiti bado inatumia ya kwanza. Ile ya kuhesabu madeni ya wachuuzi, niliyoiandika mwaka uliofuata, inatumia ya pili. Kila ninapotoa kiraka cha `libsaa2` natoa na cha `libsaa1`, na kabla ya kukituma naendesha risiti ile ya zamani kwa saa tano tofauti: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni na usiku.